Dodoma Iliponyimwa Hadithi

Kuanzia Julai 1993 hadi Septemba 1995, karibu Tanzania Bara nzima ilikuwa ikifuatilia hadithi moja, isipokuwa Dodoma. Mara mbili kwa wiki, jua likielekea kuzama, Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha nusu saa ya mchezo ulioitwa Twende na Wakati. Mitambo ya mikoa mingine iliupeleka hewani. Mtambo wa Dodoma, saa ile ile, uliweka vipindi vingine vya hapa hapa, na wasikilizaji hawakuwa na sababu ya kujua kwamba kuna dereva wa lori anayeitwa Mkwaju, wala mkewe Tunu, wala fundi cherehani aitwaye Fundi Mitindo, ambao nchi nzima ilikuwa ikiwajadili.

Mitambo haikuwa mibovu. Ilipangwa iwe hivyo. Kundi la watafiti, miongoni mwao Everett Rogers wa Marekani, lilitaka kupima kama mchezo wa redio unaweza kubadili mwenendo wa watu katika uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. Ili kupima walihitaji mahali ambapo mchezo haufiki, wapalinganishe na kwingine. Wakatuchagua sisi. Wahojaji walipita kaya kwa kaya mwaka hadi mwaka, wakiuliza maswali yale yale kwa waliosikia na kwa wasiosikia. Matokeo yakachapishwa kwenye majarida ya wataalamu: kulikosikika mchezo, wanaotumia uzazi wa mpango waliongezeka, na Dodoma nako wakaongezeka mchezo ulipofunguliwa mwaka 1995.

Dodoma tumezoea kusubiri. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa ndani ya miaka kumi, na wizara zikaanza kuhamia kwelikweli baada ya 2016. Mtunzi gani wa tamthilia za televisheni angethubutu kuvuta kisa kwa miaka arobaini na zaidi? Lakini miaka miwili ile ya kunyimwa Mkwaju na Tunu inanivutia kwa sababu nyingine. Ni mara chache katika Afrika Mashariki ambapo hadithi ya mfululizo imepewa heshima ya kupimwa kama dawa, kundi moja likimeza na jingine likisubiri. Tamthilia ya jukwaani hatujawahi kuipima hivyo. Hakuna aliyekwenda mkoa mmoja na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, akaunyima mkoa wa pili, kisha akarudi na dodoso. Hata wazo lenyewe linachekesha, na tukitafuta kwa nini linachekesha tutaona kinachozitenga kazi hizi mbili.

Tuanze na zinakokutana. Utaratibu uliotumika kuandika Twende na Wakati ulitoka Mexico, kwa Miguel Sabido, na Sabido alikuwa mtu wa jukwaa kabla hajawa mtu wa televisheni. Aliongoza michezo, akasoma nadharia za drama, hasa za Eric Bentley, akajiuliza kwa nini hadithi za kila siku za televisheni zinawashika watu kuliko mahubiri. Aliiona Simplemente María, tamthilia ya Peru ya mwaka 1969 kuhusu msichana wa kazi za ndani aliyeinuka kwa cherehani, na akaona jinsi wasichana wa kweli walivyokimbilia kujifunza kushona. Kuanzia miaka ya 1970 akatunga zake, zenye kusudi. Kanuni yake haina mafumbo: weka mhusika anayefuata mema, weka anayeyakanyaga, na katikati weka wanaoyumba. Mwema alipwe, mbaya aadhibiwe, na anayeyumba atembee polepole mbele ya macho yetu hadi achague. Kwetu Fundi Mitindo alisimama upande wa kwanza, Mkwaju wa pili, na Tunu akayumba.

Kwa hiyo hadithi tuliyonyimwa ilikuwa mjukuu wa jukwaa. Lakini mjukuu huyu alichukua urithi wake kwa kuchagua, na alichokiacha ndicho kinachonisumbua.

Tazama anavyofanya Mgiriki Sophocles. Samuel Mushi alitupa Mfalme Edipode kwa Kiswahili mwaka 1971, na msomaji wa kwanza wa tamthilia ile hushangaa kugundua kwamba pazia linapofunguliwa karibu kila kitu kimeshatokea. Mtoto alishatupwa mlimani. Baba alishauawa njia panda. Kitendawili cha dubwana kilishateguliwa, mjane alishaolewa, watoto wanne walishazaliwa. Kilichobaki ni siku moja ya kujua. Mpe kisa hicho mwandishi wa mfululizo, ataanzia mlimani na mtoto anayelia, na atakuwa na haki, maana ana kazi ya miaka mitatu mkononi. Njia panda itampa wiki nzima. Ndoa ya mama na mwana itangojewa msimu mzima, sisi tukijua na wao hawajui. Siku ya kujua, ile ambayo kwa Sophocles ndiyo mchezo wote, itakuwa vipindi viwili vya mwisho wa msimu, na kabla Edipode hajajitoboa macho tutaoneshwa kwamba kuna pacha wake anayeishi mji wa pili.

Nimeandika hivyo kwa utani, lakini simdharau mwandishi huyo. Nimewahi kukaa na watu wanaoandika mifululizo hapa nchini, na najua wanaandikia nini. Wanaandikia sebule moja, kwa sababu nyumba ya kupigia picha imekodiwa kwa siku na mwenye nyumba anataka watu watoke kabla ya magharibi. Wanaandika mazungumzo ya watu wawili wawili, kwa sababu kuwakusanya wasanii sita siku moja ni vita. Msanii akipata kazi yenye malipo bora, mhusika wake husafiri ghafla kwenda China kufuata mzigo, au hupata ajali ya bodaboda. Kwenye jukwaa, anayekufa ameuawa na mtunzi. Kwenye mfululizo mara nyingi ameuawa na mkataba. Kipindi kinatakiwa kiwe hewani kesho, na kesho kutwa kingine, kuanzia enzi za Kaole Sanaa Group kwenye ITV mpaka Huba na Jua Kali za miaka ya karibuni. Anayeweza kufanya kazi hiyo kwa miaka bila kumchosha mtazamaji ana ustadi ambao wahakiki wetu hawajajipa taabu ya kuuchunguza. Tunajaza maktaba kwa tasnifu kuhusu Ebrahim Hussein, na tunafanya vema. Kuhusu namna kipindi cha mia moja kinavyobeba kumbukumbu ya kipindi cha tatu, hatujasema karibu chochote.

Nililiona jambo hili kwa karibu katika saluni moja ya Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Ilikuwa msimu wa upepo, ule wa Julai unaoingiza vumbi hadi kwenye sukari, na mlango ulikuwa umerudishiwa. Televisheni iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima, king'amuzi pembeni. Kwenye kioo alikuwa Suleiman, Sultani wa Waturuki, aliyeingizwa sauti za Kiswahili na Azam, na ilikuwa siku ya mwanawe Mustafa kuitwa kambini kwa baba yake. Mteja wa kwanza anasukwa twende kilioni, kichwa kimeinamishwa, kwa hiyo haoni kitu, anasikiliza tu. Mama mmoja wa Kigogo aliyetoka Bahi kumletea binti yake mchele amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa amekifuata kisa, na hakukosa kitu, kwa sababu kila aliyeingia kwenye picha alitaja kwanza yeye ni nani kwa nani, na kama hakutaja, msusi alijaza: huyo mama wa kambo, huyo mkwe wake, huyo usimwamini. Ndivyo mfululizo unavyoandikwa, kwa ajili ya mtu ambaye mikono yake iko kazini na macho yako kwingine. Marudio ambayo mwalimu wa fasihi angeyakata kwa wino mwekundu ndiyo yanayomruhusu mama wa Bahi aingie.

Mustafa akaacha upanga wake nje ya hema. Msusi alisimama, kitana mdomoni.

"Mwanangu, usiingie humo," alisema yule mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba angesikika.

"Anakufa," akasema binti wa kidato cha nne aliyekuwa akingoja zamu. "Mi nimeshaona YouTube."

"We mtoto, nani kakuuliza?"

Hema likafunguliwa, na hapo hapo yakaingia matangazo. La kwanza lilikuwa la sabuni ya kufulia. Ni sawa tu, kwani watengeneza sabuni ndio waliozilea hadithi hizi tangu zilipoanza kwenye redio za Marekani miaka ya 1930, wakilenga wanawake waliokuwa nyumbani na kazi za mikono. Chicago ya wakati ule na Nkuhungu ya leo wangeelewana vizuri kuhusu suala la mahali pa kukatiza.

Kisa hicho cha Mustafa ni cha kweli. Suleiman aliamuru mwanawe anyongwe mwaka 1553, na habari ilipofika Ulaya, watu wa jukwaa waliidaka mara moja. Mfaransa Gabriel Bounin alichapisha La Soltane mwaka 1561, miaka minane tu baada ya mauaji. Mwingereza Fulke Greville akaandika Mustapha, iliyochapishwa 1609. Hizo ni tamthilia za kale kwa kila kipimo, zina kundi la waitikiaji kama la Wagiriki, zina hotuba ndefu kuhusu kiti na sheria. Kwa hiyo hapa tuna mtu mmoja, kifo kimoja, hema moja, kikiandikwa kwa njia zote mbili. Kwenye jukwaa mtunzi ana saa mbili tu za kukufanya umpende kijana ambaye hujawahi kumwona. Mfululizo ulikuwa na vipindi zaidi ya 100 vya kukuonesha Mustafa akikua na akijifunza kunyamaza mbele ya baba. Yule binti aliyeshaona mwisho alilia kuliko wote. Wagiriki pia walikuja uwanjani wakiujua mwisho, kwa hiyo hebu tuache kusema kwamba tamthilia za televisheni zinaishi kwa kuficha tu.

Walichonacho Bounin na Greville, ambacho mfululizo haukuwa nacho, ni wale waitikiaji: watu wanaosimama kando na kuuliza kama mfalme ana haki. Kwenye kioo cha Nkuhungu nafasi hiyo ilijazwa muziki wa kuhuzunisha. Lakini kipindi kilipokwisha, televisheni ikapunguzwa sauti, na saluni ikafanya kazi ile. Je, baba anayeogopa mwanawe kuliko adui ni baba? Na mwana anayeona hatari akaingia vilevile, ana heshima au ana ujinga? Mama wa Bahi alishikilia kwamba mtoto asipoingia anapoitwa na baba yake amekwisha, hata akiishi. Msusi alimpinga kwa ukali huku mikono ikiendelea. Walibishana hadi kichwa cha pili kikaisha kusukwa. Mwandishi wa mfululizo hawaandikii waitikiaji maneno yao, anawategemea waliopo saluni.

Ndiyo maana Redio Tanzania na watafiti wao walikuwa sahihi kuuamini mfululizo. Mchezo unaokuja mara mbili kwa wiki unawakuta watu wale wale, mahali pale pale, na mjadala unaota mizizi. Kuna jambo moja zaidi unalolifanya vizuri kuliko jukwaa, nalo ni kuugua. Shuleni tulisoma Kilio Chetu, ambamo vijana Joti na Suzi wanaangamia kwa kutoambiwa ukweli kuhusu mapenzi na Ukimwi. Ni tamthilia fupi na adhabu inakuja haraka, funzo likiwa mlangoni linasubiri. Mkwaju naye Ukimwi ulimpata, lakini ulimpata kwa kasi ya ugonjwa wenyewe. Msikilizaji alikuwa na jirani au kaka anayekonda kwa kasi ile ile. Katika miaka ya 1990, dawa zikiwa hazijafika, familia nyingi zilikuwa zikiishi ndani ya mfululizo wa aina hiyo, na hakuna jukwaa la saa mbili linaloweza kukaa na mgonjwa miezi yote hiyo.

Hilo linaifanya miaka miwili ya Dodoma iwe ngumu kumeza. Naelewa sayansi inavyohitaji ulinganisho. Naelewa pia kwamba bila sisi wasingejua kama mchezo unafaa, na kwamba ulipofaa tukapewa. Bado nikiwaza nyumba za Makole na Chang'ombe, redio imewashwa, naona uzito wake. Na wahojaji wale wananikumbusha Edwin Semzaba alivyomcheka mhoji wa serikali katika Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe: karani wa sensa anayeingia kijijini na madaftari yake, akamtorosha binti wa mzee Mitomingi, na mzee akayachoma makaratasi yote. Ni saa moja ya kicheko, na ukitoka nje humwangalii tena mtu mwenye dodoso kwa macho yale ya mwanzo. Tamthilia ya jukwaani humgeukia hata anayehesabu, na hiyo ni sababu moja ya yeye kushindwa kuipima.

Ya pili ni Kinjeketile. Ebrahim Hussein aliichapisha mwaka 1969, na kwa nje ni kisa kinachojulikana: Vita vya Maji Maji, maji yaliyoahidi kugeuza risasi, kushindwa. Angeweza kutupa shujaa. Badala yake alitupa mtu anayetoka mtoni na neno linalowaunganisha watu, kisha anagundua kwamba ndani ya neno hilo hilo kuna kamba ya kuwafunga kwa bwana mwingine, Sultani wa Unguja. Anajaribu kuwazuia wasipigane bado. Hawazuiliki tena, neno limeshakuwa kubwa kuliko yeye. Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani na wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Akikiri, wajukuu wataambiwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Asipokiri, uongo ulioua watu wake unabaki na uhai. Anakataa kukiri, na mchezo unaishia hapo.

Sasa mweke Kinjeketile kwenye jedwali la Sabido. Ni mwema? Watu walikufa kwa maji yake. Ni mbaya? Bila yeye makabila yasingekaa pamoja. Anayumba? Ndiyo, lakini hafiki upande wowote ambapo tunaweza kumpa tuzo au adhabu. Huwezi kutengeneza dodoso la Kinjeketile kwa sababu hujui jibu lipi ndilo sahihi, na Hussein naye hakukuandikia. Alichokiacha mjukuu wa jukwaa alipochukua urithi wake ndicho hiki: ruhusa ya mtunzi kutojua. Mwenye kusudi hawezi kuwa nayo. Anayelipwa na tangazo pia hana, maana mtazamaji aliyechanganyikiwa hubadilisha chaneli.

Nasema hivi huku nikijua kwamba Dodoma mwenye kutaka kuiona Kinjeketile jukwaani atangoja sana. Watu wa hapa wanaijua kama kitabu cha mtihani, chenye maudhui, fani na wahusika wa kukariri. Ukumbi wa michezo ya kuigiza hatuna wa kutaja. Ukumbi tulionao wenye hadhira ya kudumu ni Bunge, na hata huko, mwaka 2016 matangazo ya moja kwa moja ya TBC yalipokatwa, tulibaki na dondoo. Lakini kusema uwanda huu hauna jukwaa ni kusahau muheme, wanawake wa Kigogo na ngoma zao katikati ya mapaja, na ni kumsahau Hukwe Zawose, aliyezaliwa kijiji cha Doduma na kuibeba zeze yetu mpaka Bagamoyo na duniani. Kila mwaka Chamwino huwa na tamasha la muziki wa Cigogo, na ukikaa pale utaona jambo ambalo si la jumba la London wala la sebule ya Huba: hadhira haikai kimya gizani, na pia haina mikono iliyotingwa. Inajibu, kwa mpangilio, kwa wakati wake. Hussein mwenyewe alilitafuta jambo hilo baadaye, katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi za 1976, alipomweka msimuliaji mmoja mbele ya watu kama kwenye usiku wa ngano.

Ndiyo maana nikipewa fedha za mchezo mmoja Dodoma sitaanza na Sophocles, wala sitamwandikia Mkwaju msimu mpya. Ningemchukua Tunu. Ningekata vipindi vyote na kuanza jioni ambayo mume aliyemtelekeza anaonekana barabarani, amekonda, begi la safari mkononi, na yeye Tunu ana biashara yake, watoto wake, na mlango wake mwenyewe. Saa moja na nusu, mahali pamoja. Akimfungulia, ana makosa kwa watoto. Akimfungia, ana makosa kwa mtu anayekufa. Nisingemwambia mwigizaji lipi ni sahihi. Na kando ya jukwaa ningewaweka wanawake wa muheme wa Chamwino kuwa waitikiaji, kwa ngoma zao na kwa lugha yao. Kitakachonipa shida ni nauli ya kuwarudisha nyumbani usiku, kwa sababu mchezo utakuwa umekwisha na wao hawatakubali kupanda gari kabla hawajamaliza kubishana Tunu alikosea wapi.